Ndege wa porini na lenzi ndefu: pima mwanga unaomwangukia ndege, achana na ulioko nyuma yake

KivuliMbele (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mara mtu akiuliza kuhusu picha za ndege, majibu yanakimbilia milimita za lenzi (zikiwa nyingi, ndege anaonekana mkubwa): nunua 400, hapana 600, ongeza telekonveta, kile kipande cha kukuza kinachofungwa kati ya lenzi na kamera. Milimita zina kazi yake na nitazigusa huko chini. Ila picha nyingi za ndege ninazoziona zimeharibika hazikuharibiwa na ufupi wa lenzi. Mpigaji aliiachia kamera iamue mwanga, kamera ikaangalia mbingu, maji au majani, ndege mwenyewe akasahaulika. Uzi huu ni wa jambo hilo. Ni mrefu, kaeni mkao wa kusoma.

Tuanze na jinsi kamera inavyopima. Kipimo cha ndani hakijui kama unapiga kitu cheupe au cheusi. Kinapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye fremu, kinatafuta wastani, halafu kinalazimisha wastani huo uwe kijivu cha kati, kile wapigapicha wanachokiita kijivu cha asilimia 18. Kwa uso wa mtu au mandhari ya kawaida, mambo yanakwenda. Kwa ndege ni balaa, kwa sababu ndege ni mdogo ndani ya fremu na nyuma yake panabadilika kila anapopiga bawa.

Mchukue yangeyange, mweupe pepe, jua limempiga vizuri. Amesimama mbali kidogo mbele ya matete yaliyo kivulini. Fremu karibu yote ni giza, kwa hiyo kamera inaongeza mwanga, na yangeyange anaungua: kifua kizima kinakuwa bapa jeupe lisilo na mstari hata mmoja wa unyoya. Sasa huyohuyo aruke, aje karibu, ajaze fremu. Kamera inaona weupe umezidi, inapunguza, ndege anatoka wa kijivu kilichochoka. Jua halijasogea hata kidogo. Mwanga uliomwangukia ni uleule tangu mwanzo. Anayetegemea fidia ya mwanga (kuiambia kamera ipandishe au ishushe kipimo chake) atatakiwa kupunguza kwenye picha ya kwanza na kuongeza kwenye ya pili, ndani ya sekunde mbili, huku anamfuata ndege kwa lenzi yenye uzito wa kilo mbili. Haiwezekani.

Ndiyo maana, jua likiwa wazi na halibadiliki, mimi natumia M tupu, yaani kila kitu naweka kwa mkono. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) naifunga, shata (muda wa kupokea mwanga) naifunga, tundu (mlango wa mwanga ndani ya lenzi; namba ndogo ya f ni tundu kubwa) naliacha wazi. Ndege apite mbele ya mbingu, mlima au maji, sigusi kitu.

Namba za kuanzia zinatoka kwenye kanuni ya zamani ya f/16: jua kali nyuma yako, tundu f/16, kasi ya shata iwe sekunde moja gawanya kwa ISO. Yaani ISO 100 ni 1/100. Hakuna anayepiga ndege kwa f/16, kwa hiyo hamisha. Kwa lenzi ya f/6.3, hesabu hiyo inakupa takriban 1/2500 kwa ISO 400. Hapo ndege wa rangi ya kati anatoka sawa. Akiwa mweupe, punguza stopu moja (yaani mwanga uwe nusu; kuongeza stopu moja ni kuuzidisha mara mbili), ISO iwe 200. Akiwa kunguru, ongeza stopu moja, la sivyo manyoya yake yatazama yote kwenye weusi. Mawingu mazito yakifunika jua, unapoteza kama stopu tatu, kwa hiyo ISO 400 inakuwa 3200. Ukisubiri ndege chini ya kivuli kilicho wazi ni kama stopu nne, na ndani ya msitu wenye majani mazito zinaongezeka nyingine mbili au tatu.

Ukifika mahali, kabla ndege hajaja, piga kitu cheupe chochote kilicho kwenye mwanga uleule, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kamera, giza kushoto na weupe kulia. Kilima cha upande wa kulia kikaribie ukuta bila kuugusa. Washa pia ile alama inayometameta mahali palipoungua. Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kivuli kilichozidi giza utakivuta baadaye na utapata kitu, pengine pamoja na chenga kiasi, vile vidoti vinavyochafua picha. Unyoya mweupe ulioungua haurudi, kwa sababu pale hakuna taarifa iliyohifadhiwa.

Jambo la pili ni upande wa mwanga, na hili halihitaji kifaa chochote. Simama kivuli chako kikiwa kimemwelekea ndege. Basi. Jua likiwa nyuma yako na liko chini, linaingia moja kwa moja kwenye jicho la ndege, linaacha kile kinukta cheupe kinachomfanya aonekane hai. Kivuli kikikaa pembeni yako, nusu ya uso wa ndege inaanza kupotea. Kuna picha nzuri za mwanga wa pembeni, sizikatai, ila anza na kivuli mbele.

Halafu ongeza upepo. Ndege wengi huruka na hutua wakiukabili upepo. Kwa hiyo upepo ukitoka nyuma yako pamoja na jua, ndege watakujia uso kwa uso wakiwa wamemulikwa vizuri, mabawa yamefunguka. Upepo ukitoka upande wa pili, utapiga mikia mpaka uchoke, hata kama mwanga ni wa dhahabu. Siku za namna hiyo mimi nawaachia ndege wa angani nageukia waliotua, au nangoja mawingu ili niwe huru kuhamia upande wa pili. Wapo wanaoangalia saa ya jua tu wakasahau upepo, na hili la upepo ndilo linaloamua zaidi kwenye picha za kuruka.

Mchana wa utosi. Wengi wanasema funga kamera nenda kalale. Kwa ndege aliyetua ni kweli, jicho linazama ndani ya kivuli cha paji na tumbo linakuwa jeusi. Lakini tazama ardhi. Ndege akipita juu ya mchanga mweupe, maji yenye mwanga au theluji, ule mwanga unaruka kutoka chini na kumulika chini ya mabawa. Ndege huyohuyo akiingia juu ya msitu, chini ya bawa panakuwa giza. Ukiwa ufukweni adhuhuri unaweza kupata picha ambayo mwenzako aliye kando ya msitu haipati.

Na chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua. Rangi ile ya kung'aa ya koo lake inatokana na umbile dogo sana ndani ya unyoya linalorudisha mwanga kwa pembe maalumu. Akigeuza kichwa kidogo tu, kijani kinakuwa cheusi. Huwezi kuitengeneza rangi hiyo kwenye kompyuta kama haikuwepo. Jua liwe nyuma yako, fuata kichwa chake, piga mfululizo anapogeuka, na katika fremu kadhaa utaona moja ambamo koo lote limewaka.

Vifaa kwa ufupi. Ndege aliyetulia 1/320 inatosha kama lenzi ina kituliza mtikisiko na mkono umetulia. Tai anayeelea, 1/1250. Bata anayeruka, 1/2000. Mbayuwayu na wadogo wenye haraka, 1/3200 na kuendelea. Otofokasi (kamera kujitafutia ukali) iwe ile ya kufuatilia mfululizo. Telekonveta ya 1.4 inakula stopu moja, ya 2 inakula mbili. Lenzi ya f/5.6 ikifungwa ya 2 inakuwa f/11, na jioni utajuta. Kumsogelea ndege hadi nusu ya umbali kunampa ukubwa uleule kwenye fremu kama kuzidisha milimita mara mbili, tena unakuwa umepunguza hewa iliyo kati yenu. Njia ya kusogelea bila kumsumbua ndiyo ujuzi wenyewe.

Karibuni, maswali na mapingamizi yote ruksa.

MbayuwayuWaPili

Mkuu, shukrani kwa uzi. Mimi nina 150-600 ya f/6.3 na kamera yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga). Nikipiga ndege wa mbali kwenye uwanda mchana, picha haina ukali kabisa. Nimeipeleka lenzi kwa fundi, akasema ni nzima. Shata ilikuwa 1/3200. Tatizo ni nini?

KivuliMbele

Ndugu, kwa kasi hiyo mkono haujahusika. Hapo ni hewa. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo karibu nayo inapanda ikiwa na tabaka zenye joto tofauti, na kila tabaka linapinda mwanga kivyake. Kwa macho unaona upeo unatetema. Lenzi ndefu inaukuza mtetemo huo pamoja na ndege. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoushinda.

Jipime hivi: piga fremu nyingi za kitu kisichotembea, jiwe au nguzo, kwa umbali uleule. Kama ukali unabadilika fremu hadi fremu, na kingo zinapindapinda, ni hewa. Kama zote ni mbovu kwa namna ileile, rudi kwenye fokasi au lenzi.

Dawa ni kwenda mapema kabla ardhi haijachemka, kusubiri mawingu, au kukaribia. Na kama unapiga kutoka kwenye gari, zima injini, kwa sababu joto la boneti lenyewe linatosha kuharibu picha, na usipige kupitia kioo. Kwenye baridi pia, ukiwa umewasha hita ndani, hewa ya moto inatoka dirishani mbele ya lenzi yako na kufanya kazi ileile.

Sensa yako ndogo inakupa mwonekano wa 900 au 960 kutoka kwenye 600, kutegemea kama inakuza kwa 1.5 au 1.6. Ni faida, lakini ndiyo sababu mtetemo unauona zaidi.

KoziWaJabali

Naheshimu mchango wako, mkuu, lakini hili la M tupu nina pingamizi. Mimi napiga pembezoni mwa msitu. Ndege anatoka kivulini, anaingia juani, anarudi kivulini. Kwa M yako ISO ikiwa imefungwa, nusu ya picha zitakuwa giza na nusu zimeungua. M yenye ISO ya kujiongoza inanisaidia zaidi: shata naichagua, tundu nalichagua, kamera inahangaika na ISO.

KivuliMbele

Pingamizi la haki, na kwa mahali pako uko sahihi. Jiulize ni kipi kinachobadilika. Kama mwanga unaomwangukia ndege hautikisiki na kinachobadilika ni nyuma yake, funga kila kitu. Kama mwanga wenyewe unabadilika, mawingu yanapita au ndege anaingia na kutoka kivulini, huku nyuma yake panafanana muda wote, acha ISO ijiongoze na uweke fidia moja inayoendana na pale nyuma. Kwa majani ya giza nyuma na ndege wa rangi ya kati, punguza theluthi mbili ya stopu au stopu nzima. Kwa mbingu nyeupe, ongeza.

Panapokuwa pagumu kweli ni pale vyote viwili vinapobadilika pamoja. Hapo mimi nachagua eneo moja la mwanga, naweka M kwa ajili ya eneo hilo, halafu nangoja ndege aingie humo. Asipoingia, nimekosa. Naona afadhali fremu chache zilizo sawa.

KoziWaJabali

Hilo la kuchagua eneo moja nalikubali. Kamera yangu inaruhusu kuhifadhi mpangilio mzima kwenye gurudumu lake, kwa hiyo nimeweka wa juani kwenye C1 na wa kivulini kwenye C2. Ndege akihama, nageuza gurudumu mara moja. Wenye kamera zenye nafasi hizo wajaribu.

KivuliMbele

Hii ni nzuri sana na sikuiweka kwenye uzi. Asante, mkuu.

Mdiria_88

Wadau naomba msaada. Ndege aliye karibu ananitoa jasho. Juzi mdiria alitua mita kama tano kutoka nilipojificha. 600mm, f/6.3, jicho kali kabisa lakini mdomo na mkia vimelainika. Nikifunga tundu hadi f/11 mwanga haunitoshi. Mnafanyaje?

KivuliMbele

Mdiria, hesabu yako ndiyo inayosema. Kwa 600mm kwenye sensa kamili (ile yenye ukubwa wa filamu ya 35mm), f/6.3, umbali wa mita 10, eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha kama sentimita 10 tu. Kwa mita 5 linabaki sentimita mbili na nusu hivi. Mdomo wa mdiria peke yake unazidi hapo akikuelekea.

Kabla ya kufunga tundu, msubiri ageuke ubavu. Mdomo, jicho na mkia vikiwa kwenye mstari mmoja sambamba na sensa, f/6.3 inatosha. Ageuze kichwa kidogo tu kukuelekea, jicho lipate mwanga, na mwili ubaki ubavu. Huo ndio mkao ninaoupenda kuliko wote kwa ndege aliyetua.

Ukiwa na lazima ya kufunga tundu, shusha shata, maana ametulia. Mdiria anayewinda anakaa kimya muda mrefu akitazama maji. 1/250 kwa f/11, lenzi ikiwa imelala kwenye mfuko wa mchanga, inawezekana. Piga mfululizo mfupi wa fremu tatu au nne, kwa sababu mara nyingi moja kati ya hizo itakuwa na utando wa jicho umefunga, ule wa ndani unaopita haraka, na jicho litatoka la maziwa.

JichoLaTai

Naongezea kwa Mdiria: siku hizi kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinatambua jicho la ndege zenyewe. Canon EOS R5 ya mwaka 2020 na Sony α1 ya 2021 ndizo zilizolifanya jambo hili lijulikane sana, na sasa liko hadi kwenye kamera za kawaida. Limenibadilishia kazi. Ila kwenye mwanga hafifu wa msituni linapotea njia, linashika jani lenye doa jeusi. Huko narudi kwenye nukta moja ndogo ya fokasi na kuiweka mwenyewe shingoni mwa ndege, mahali palipo kwenye umbali uleule na jicho.

Pia wenye shata ya kielektroniki wawe macho. Sensa nyingi zinasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na ndege mwenye mabawa ya haraka anatoka na bawa lililopinda kama mpira. Kwa wale wadogo tumieni shata ya kimakanika, isipokuwa kama sensa yenu ni ya zile zinazosomwa haraka sana.

NyumbaYaMatete

Kuhusu msituni, naomba mtu aeleze chenga. Nikifika ISO 6400 picha inajaa chenga mpaka naona aibu kuiweka humu.

KivuliMbele

Chenga nyingi unazoziona hazitokani na namba ya ISO yenyewe. Zinatokana na uchache wa mwanga uliofika kwenye sensa. Ukipiga kwa ISO 1600 ukiogopa 6400, picha ikatoka giza, halafu ukaivuta stopu mbili kwenye kompyuta, utapata chenga zilezile, na kwa kamera nyingine utapata zaidi. Kwa hiyo weka ISO inayotakiwa na upige picha iliyojaa mwanga sawasawa.

Mahali pa kupata mwanga ni shata. Msituni ndege akitulia teremka hadi 1/160, hata 1/100, mradi umeegemea kitu. Piga nyingi, kuna sekunde ndege anatulia kabisa kati ya mtikisiko na mtikisiko. Kingine, jaza fremu. Ukikata nusu ya picha nyumbani, unatupa nusu ya mwanga ulioukusanya na unazikuza chenga zilizobaki. Halafu majani yanachuja mwanga na kumpaka ndege ukijani. Usihangaike nao pale pale, RAW itakuruhusu kusahihisha kwa kutazama sehemu ya kijivu au nyeupe ya ndege mwenyewe.

Na tafuta vile vipenyo ambako mwanga unashuka. Kwenye msitu mzito kuna tawi moja linalopata mwanga na mengine kumi hayapati. Kaa mbele ya hilo moja.

MamaKorongo

Wanangu, mmeongea vizuri kuhusu mwanga, mimi nataka kuongea kuhusu ndege. Nimeona picha humu za makinda ndani ya kiota, matawi yamekatwa ili mwanga uingie. Yale matawi yalikuwa ndiyo kivuli cha makinda na ndiyo pazia lao dhidi ya mwewe na kunguru. Ukiyaondoa upate picha safi, jua linawachoma na adui anawaona. Mzazi naye akikaa mbali kwa sababu upo, mayai yanapoa au yanachemka. Nawaomba tuache.

Ndege anakwambia mwenyewe kama umemkaribia mno. Anaacha kula, ananyoosha shingo, anakutazama kwa jicho moja bila kupepesa, anatoa ule mlio mfupi wa kurudiarudia. Ukiona hivyo simama, rudi hatua kadhaa, keti chini. Akirudi kula, hapo ndipo mahali pako.

KivuliMbele

Mama, shikamoo, na asante sana. Naunga mkono kila neno. Kiota chenye mayai au makinda mimi nakipita. Na wanaodhani hatari ni ya ndege peke yake wakumbuke Eric Hosking, mpigapicha wa ndege wa Uingereza, aliyepoteza jicho la kushoto mwaka 1937 baada ya kushambuliwa na bundi aliyekuwa na kiota.

Kusubiri ndiko kunakolipa. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, waliokuwa wa mwanzo kabisa kwenye kazi hii, walifika mahali pa kujificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyojazwa ikasimamishwa malishoni ili ndege wawazoee. Sisi tuna nguo za rangi ya majani, mahema madogo na lenzi ambazo wao hawakuziota. Ukifika kabla hakujakucha ukakaa kimya, ndege wanakuja wenyewe, na wanakuja wakati mwanga uko chini na laini. Lala kifudifudi ukiweza, lenzi iwe sawa na jicho la ndege. Nyuma yake patakuwa mbali sana na palainike, hata kwa f/6.3.

Mdiria_88

Mama Korongo nimekusikia. Swali la mwisho kwangu: mbingu ya mawingu meupe. Ndege wote wa angani wanatoka vivuli vyeusi.

KivuliMbele

Mbingu ya mawingu inang'aa kuliko tumbo la ndege kwa mbali, kwa sababu mwanga wote unatoka juu na wewe unatazama upande usiomulikwa. Ongeza stopu moja na nusu hadi mbili juu ya kile kamera inachosema. Mbingu itaungua iwe nyeupe tupu, iache iungue, ndege ndiye uliyemfuata. Ila kusema kweli, siku za namna hiyo mimi naelekeza lenzi chini. Mawingu yanaondoa vivuli vikali, na ndege aliye usawa wa macho mbele ya majani anatoka na kila unyoya wake, hata mweupe, hata mweusi. Siku ya mawingu unaweza kupiga tangu asubuhi hadi alasiri bila kujali jua liko upande gani.

MbayuwayuWaPili

Na mimi nimalizie: jua linapozama, nataka ndege awe kivuli cheusi mbele ya rangi. Naanzia wapi?

KivuliMbele

Hapo geuza kila kitu nilichosema. Sasa mwanga unaoupima ni wa mbingu, na kivuli chako kiko mgongoni. Elekeza kamera kwenye sehemu ya mbingu yenye rangi, pembeni ya jua, jua lenyewe lisiwe kwenye fremu. Chukua kipimo hicho, kifunge kwenye M, punguza stopu moja ili rangi zikolee. Kisha msubiri ndege mwenye umbo linalosomeka: korongo, kozi, bata mwenye shingo iliyonyooka. Mpige akiwa ubavu, mabawa yakiwa juu au chini kabisa, yasiwe katikati, maana hapo yanamezwa na mwili. Wakiwa kundi, ngoja waachane, wasigusane kwenye fremu.

Ukitaka asiwe mweusi mtupu, bali kingo zake ziwake na bawa lipitishe mwanga, mtafute ndege aliye kati yako na jua lakini nyuma yake kuna kitu cha giza, kilima au miti. Hapo ongeza stopu moja juu ya kipimo cha mbingu, na kinga lenzi kwa kikinga-mwanga chake cha mbele (lens hood) ili mwanga usitawanyike ndani ya vioo.

Tahadhari moja kwa wenye kamera zenye kioo: jua likiwa bado na nguvu, usilitazame kupitia tundu la kutazamia ukiwa na lenzi ndefu, hata kwa sekunde moja. Lenzi inakusanya mwanga wote ule na kuupeleka kwenye jicho lako. Kwa kamera zisizo na kioo jicho liko salama lakini sensa na mapazia ya shata vinaweza kuungua. Subiri mpaka jua liguse upeo na liwe jekundu, na hata hapo fremu za haraka tu, kisha geuza lenzi pembeni.